Kipimo Sahihi, Tafsiri Potofu

Mwaka 1922 mjini Frankfurt, Ujerumani, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomu za madini ya fedha kati ya ncha za sumaku. Fizikia ya zamani ilitarajia zisambae na kuacha doa moja pana. Zikagawanyika mafungu mawili. Wakaona wamethibitisha nadharia ya Niels Bohr. Kumbe sababu ni spini ya elektroni, iliyopendekezwa mwaka 1925. Kipimo kilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyokosewa.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza nani alitenda dhambi (Yoh 9). Upofu ulikuwa kweli. Hukumu haikuwa kweli. Nawe ukiona ndoa isiyo na mtoto, unataja laana. Umeijua maana yake, au umeikisia? Usiharakishe kuhukumu. Dominika njema.