Bastola, Viza na Leseni ya Kuwinda

Mwanzoni mwa 1997 mzee wa miaka 69, mwalimu wa Kiingereza kutoka Gaza, alikuwa akilala kwenye moteli katika mji wa Melbourne, jimbo la Florida. Ali Abu Kamal alikuwa ameingia Marekani mwishoni mwa Desemba iliyotangulia kama mgeni wa kawaida. Kwa anwani ya moteli alipata kitambulisho cha jimbo, na kwa kitambulisho hicho akanunua bastola aina ya Beretta. Tarehe 23 Februari alipanda hadi ghorofa ya 86 ya jengo la Empire State, New York, pale watalii wanapolitazama jiji kutoka juu, akaanza kufyatua risasi. Alimuua mtu mmoja, akajeruhi wengine sita, kisha akajiua.

Sheria ya wakati huo ilimtaka mgeni awe ameishi siku 90 ndani ya jimbo kabla ya kununua silaha. Abu Kamal hakuwa amezifikisha, ila kitambulisho alikuwa nacho.

Mwaka uliofuata, 1998, Bunge la Marekani lilibadili kanuni yenyewe. Mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda alikatazwa kuwa na bunduki, na alikatazwa kuwa na risasi vilevile. Katazo hilo lipo mpaka leo. Linamhusu mtalii wa wiki mbili, na linamhusu kijana wa Dodoma au Eldoret anayesoma shahada ya pili huko Texas kwa viza ya mwanafunzi, au mhandisi wa kompyuta aliyeajiriwa kwa viza ya kazi na kuongezewa muda mara kwa mara. Mhandisi anaweza kulipa kodi na kulea watoto waliozaliwa Marekani, lakini mbele ya sheria ya silaha bado ni mpita njia.

Aliyepata ukaazi wa kudumu, ule unaoitwa grini kadi, yuko upande mwingine kabisa. Huyo hununua bunduki karibu sawasawa na raia: anajaza fomu, jina lake linachunguzwa na mfumo wa FBI, na jibu likiwa safi anaondoka na mzigo wake. Mshindi wa bahati nasibu ya viza anayetua uwanja wa ndege akiwa mkaazi wa kudumu anaweza kuipata haki hiyo mapema mno, mara tu anapokuwa na makazi ndani ya jimbo. Mkimbizi pia hayumo kwenye katazo, kwa kuwa hakuingia kwa viza ya muda. Kwa hiyo familia ya Wakongo waliotoka kambini na kupewa makazi mapya katika mji wa Marekani, huenda hata Kiingereza bado hakijakaa sawa mdomoni, ina haki pana zaidi ya kumiliki silaha kuliko profesa mgeni wa chuo kikuu cha jirani. Anayetafuta mantiki hapa atachoka bure. Sheria haiulizi mtu amekaa muda gani wala ana tabia gani. Inauliza aliingia na karatasi ipi.

Kuna hata kundi linaloponyoka kwa kutokuwa na viza kabisa. Raia wa nchi kadhaa za Ulaya, na wa Japani, huruhusiwa kuzuru Marekani bila viza, na mwaka 2011 Wizara ya Sheria ilitafsiri kwamba katazo linawahusu walioingia kwa viza tu. Hakuna nchi ya Afrika katika mpango huo, kwa hiyo mwanya huu hauwahusu watu wa kwetu.

Mwanya unaowahusu ni mwingine. Bunge lilipofunga mlango mwaka 1998 liliacha dirisha wazi: mwenye viza ya muda aliye na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani anaruhusiwa kununua na kumiliki silaha. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili linahitaji kuelezwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Tanzania mwindaji wa kitalii huingia na bunduki yake kwa kibali cha muda, hulipia kitalu fedha nyingi na husindikizwa porini. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya uwindaji na mtandaoni, na ingawa majimbo mengi hudai mafunzo ya usalama kwanza, hakuna anayemlazimisha mwenye leseni kwenda kumtafuta paa. Inatosha kuwa nayo mkononi, na iwe haijaisha muda. Wala silaha si lazima iwe ya kuwindia. Hata bastola, ambayo wawindaji wengi hawana shughuli nayo, inapatikana kwa njia hiyohiyo.

Ndivyo alivyofanya Mohammed Alshamrani, luteni wa jeshi la anga la Saudi Arabia aliyekuwa akisomea urubani katika kituo cha jeshi la majini cha Pensacola, tena huko huko Florida. Alikata leseni ya kuwinda, na katikati ya 2019 akanunua bastola ya Glock kwa njia halali kabisa. Tarehe 6 Desemba mwaka huo aliingia nayo darasani akawaua mabaharia watatu wa Kimarekani kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Wizara ya Ulinzi ilipiga marufuku wanafunzi wa kijeshi kutoka nje kumiliki silaha binafsi, na Saudi Arabia ikawarudisha nyumbani wanafunzi wake 21. Lakini leseni ya kuwinda iliachwa palepale kwenye sheria.

Kesi ya tatu nayo ni ya Florida, tena ya mji uleule wa Melbourne, ila hii haikumwaga damu. Hamid Rehaif, kijana wa Umoja wa Falme za Kiarabu, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha teknolojia cha pale. Alama zake zikaporomoka, chuo kikamwondoa na kumwarifu kwamba ukaazi wake ungefutwa asipohamia chuo kingine au kuondoka nchini. Hakuondoka. Mwaka 2015 alikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akakodi bastola, akanunua risasi, akapiga kama wateja wengine wanavyopiga wikiendi. Kwa kuwa ukaazi wake ulikuwa umekwisha, akashtakiwa kwa kuwa na silaha na kufungwa miezi 18.

Wengi wasingedhani kwamba kukodi bastola kwa saa moja ni kosa la shirikisho. Kwa aliyekatazwa ni kosa, kwa sababu sheria inazungumzia kuwa na silaha, na kuishika kwa mkono ni kuwa nayo. Mwanafunzi wa kigeni anayealikwa na wenzake shambani Jumamosi kupiga makopo kwa bunduki ya baba mwenye nyumba anaingia kwenye hatari hiyohiyo, hata kama hajanunua chochote na risasi zote zimetolewa na mwenyeji. Mwaka 2022 kifungo cha juu kwa kosa hili kilipandishwa kutoka miaka 10 hadi 15.

Rehaif alikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na mwezi Juni 2019 akashinda kwa kura 7 dhidi ya 2. Majaji walisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua yumo kwenye kundi lililokatazwa, yaani alijua kwamba makaratasi yake yamekufa. Ni ushindi wenye mipaka. Asiyejua kwamba ukaazi wake umekwisha ana utetezi. Anayejua umekwisha lakini hajui kwamba sheria inamkataza kushika bunduki, hana.

Hata mwenye grini kadi asilale usingizi. Juu ya sheria ya shirikisho kuna za majimbo: Illinois humtaka mkaazi awe na kitambulisho maalumu cha mwenye silaha kilichotolewa na polisi wa jimbo, na bastola inayobebwa kihalali jimbo moja inaweza kuwa kesi ng'ambo ya daraja. Raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha hutumikia adhabu na kubaki nchini. Asiye raia, hata akiwa na ukaazi wa kudumu wa miaka 20, sheria ya uhamiaji inaruhusu arudishwe kwao kwa hukumu hiyo hiyo. Kabla ya kununua, mwanasheria wa uhamiaji ana faida kuliko muuza bunduki.

Ulaya hupima kwa vipimo vingine. Ujerumani inaweza kumnyima kibali mtu ambaye hajaishi nchini angalau miaka mitano, na hata akiishi, lazima aeleze anaihitaji silaha kwa nini. Uswisi, nchi yenye bunduki nyingi majumbani, humtaka mgeni asiye na kibali cha C, kile cha ukaazi wa kudumu, aombe ruhusa kwa kila silaha, hata zile ambazo Mswisi hununua kwa mkataba wa maandishi tu. Zaidi ya hapo, kanuni yake ya 2008 ina orodha ya mataifa ambayo raia wake hawaruhusiwi kununua wala kubeba silaha: Serbia, Bosnia-Herzegovina, Kosovo, Makedonia Kaskazini, Albania, Uturuki, Sri Lanka na Algeria. Mikoa inaweza kutoa msamaha, kwa mfano kwa wawindaji na walinzi. Pengine ndiyo nchi iliyosema waziwazi kile ambacho nyingine hukificha ndani ya masharti: kwamba inatazama pasipoti.

New Zealand haikutazama pasipoti. Mwaka 2017 mkaazi mmoja kutoka Australia aliomba leseni ya silaha, na polisi wakafuata utaratibu wa huko, ambao ni kuwahoji watu wanaomfahamu mwombaji. Alimtaja dada yake, lakini dada aliishi Australia, hivyo hakukubaliwa. Badala yake akamtaja rafiki aliyezoeana naye kupitia michezo ya kompyuta, na polisi wakamhoji huyo na mzazi wake. Leseni ikatoka. Tarehe 15 Machi 2019 mtu huyo aliwaua Waislamu 51 waliokuwa katika sala ya Ijumaa kwenye misikiti miwili ya Christchurch.

Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku bunduki nyingi za kujipakia zenyewe kwa kura 119 dhidi ya 1, hata mwezi mmoja haujatimia. Tume ya uchunguzi iliyoripoti mwaka uliofuata iligusa jambo gumu zaidi. Ilisema polisi hawakujiuliza vya kutosha kama watu wale wawili walimfahamu mwombaji kiasi cha kumdhamini. Swali hilo ni zito hasa kwa mtu aliyehamia nchi ya mbali, kwa kuwa wanaomjua vizuri amewaacha ng'ambo. Tangu hapo leseni ya kwanza ya New Zealand hudumu miaka 5 badala ya 10, na mwaka 2023 nchi hiyo ilianza kazi ya kuandikisha kila bunduki kwenye daftari la taifa.