Kamera ya Kwanza: Mambo Yampasayo Kuyajua Mwenye Fedha Chache

Siku hizi vijana wengi wa vijijini wapenda kazi ya kupiga picha, wala si kwa mchezo. Harusi, ubatizo, maulidi, mahafali ya shule na picha ndogo za vitambulisho, yote hayo yahitaji mpiga picha, na aliye hodari hupata riziki yake humo. Lakini wengi huingia katika kazi hii kwa mlango mbaya. Kijana huuza mbuzi wawili, au huchukua fedha za kahawa za nyumba nzima, akaenda mjini, akanunua kamera mpya iliyong'aa kabatini mwa duka. Akirudi kwao huona kwamba picha zake za ndani ya nyumba ni nyeusi na zimetikisika, na fedha zimekwisha. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kueleza namna ya kuchagua kamera ya kwanza, ili jasho la wazee lisipotee bure.

KWANZA, UPIME HAJA YAKO. Ikiwa wataka tu picha za jamaa zako mchana, penye jua, simu nzuri yakutosha. Usitoe fedha zaidi. Kamera yenyewe yahitajiwa na mtu atakaye kupiga picha penye giza, au mbali, au kwa malipo. Ubora wake ni huu: ina kipokezi cha nuru kilicho kikubwa kuliko cha simu, lenzi yake yaweza kubadilishwa, na mwenyewe ndiye atawalaye nuru. Katika kamera nyingi za wanafunzi kipokezi hicho chapata milimita 23 kwa 15 hivi. Cha simu ni kidogo kuliko hicho mara kadhaa. Kikubwa hukusanya nuru nyingi zaidi, kama vile sufuria pana likusanyavyo maji mengi ya mvua kuliko kikombe.

NURU HUTAWALIWAJE? Mfano wake ni kujaza debe kwa bomba. Bomba likiwa pana, debe hujaa upesi. Likiwa jembamba, hapana budi kungoja. Bomba ni tundu la lenzi, na kungoja ni muda ambao pazia la kamera hukaa wazi. Ukilifungua pazia kwa muda mrefu penye giza, mkono hutikisika na bibi arusi hugeuka kivuli. Liko na jambo la tatu, liandikwalo ISO, yaani kuikuza nuru iliyokwisha pokewa. Hilo husaidia, lakini likizidi, picha huota chembechembe kama mchanga. Mtu akiyafahamu mambo haya matatu ameifahamu kamera yoyote, kubwa kwa ndogo; naye asiyeyafahamu, hata akipewa kamera ya thamani kuu, haimfai.

USIDANGANYIKE NA HESABU YA NUKTA. Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zifanyazo picha. Lakini nukta milioni 6 zatosha kuchapa picha safi ya inchi 10 kwa 6 na zaidi kidogo, na nukta milioni 24 zatosha inchi 20 kwa 13. Ni nani kijijini atakaye picha kubwa kuliko hiyo ukutani mwake? Basi kamera ya miaka iliyopita yenye milioni 16 au 18 haina upungufu wowote kwa kazi ya harusi. Usilipie hesabu usiyoihitaji.

MPYA AU ILIYOTUMIKA? Kamera zenye lenzi za kubadilisha ni za namna mbili. Za kwanza zina kioo ndani, kirushacho sura ya kitu mpaka kwenye jicho la mpiga picha. Za pili hazina kioo hicho, na sura huonekana katika kidirisha cha umeme. Canon na Nikon sasa wameelekeza nguvu zao katika hizo za pili, na wengi waliokuwa na za kwanza wameziuza. Kwa hiyo kamera za kioo zilizotumika zapatikana kwa bei nafuu, na hiyo ni bahati ya mwenye fedha chache.

Tena zina faida kubwa mahali pasipo umeme. Kamera ya Nikon D3500, iliyotolewa mwaka 2018, hupiga picha 1,550 kwa betri moja iliyojaa, kwa kipimo cha watengenezaji; na Canon 2000D ya mwaka huo huo hupiga 500. Lakini Sony a6000 ya mwaka 2014, isiyo na kioo, hupiga 360 tu. Arusi ya siku mbili katika kijiji kisicho na umeme haitaki betri ya kufa saa sita mchana.

LENZI NDIYO JICHO. Wengi hutoa fedha zote kwa kamera, wakaisahau lenzi, na hilo ndilo kosa kubwa kupita yote. Lenzi ijayo pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, ni nzuri kwa mchana, lakini ukiivuta mpaka mwisho wake tundu lake haliwezi kupanuka kupita f/5.6. Ujue kwamba hesabu hiyo ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha nuru zaidi ya mara tisa kuliko hiyo ya f/5.6, nayo ni katika lenzi rahisi kupita zote za Canon na Nikon. Hata hivyo, katika chumba kidogo lenzi ya 50 itakulazimisha kurudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Hapo ya milimita 35 yafaa zaidi. Anunuaye Nikon za wanafunzi, kama D3300 au D3500, aangalie sana: kamera hizo hazina mota ya kuzungushia lenzi, kwa hiyo achague lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, la sivyo itampasa kuzungusha kwa mkono kila picha.

JINSI YA KUIKAGUA. Kuuliza si ujinga, na kukagua si kumtukana muuzaji. Usitoe fedha kabla ya kufanya haya:

1. Toa lenzi, uielekeze penye nuru, uchungulie ndani yake. Ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu uliokula kioo, iache.

2. Piga picha ya mbingu nyeupe au ukuta mweupe kwa f/16, kisha uikuze. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi juu ya kipokezi. Vumbi huweza kusafishwa, lakini mkwaruzo haufutiki.

3. Uliza pazia limefunguka mara ngapi. Katika kamera nyingi za Nikon hesabu hiyo imefichwa ndani ya picha yenyewe, na kompyuta huweza kuisoma. Pazia la D3500 limepimwa kwa mara 100,000; lililokaribia hesabu hiyo lipunguziwe bei.

4. Jaribu kila kitufe, taa yake, mlango wa kadi na mlango wa betri. Piga picha ishirini, za karibu na za mbali, uone kama lenzi hushika sura upesi.

5. Kadi za kuwekea picha huigizwa sana. Ya bandia huandikwa ukubwa isio nao, na picha zipitazo ukubwa wake wa kweli hupotea. Ijaze yote nyumbani, uzifungue picha zote, ndipo uipeleke kazini.

KUZIGAWA FEDHA. Katika kila shilingi kumi, shauri letu ni hili: tano ziwe za kamera, tatu za lenzi, na mbili za kadi mbili, betri ya akiba na mfuko. Mwenye kadi moja ana hatari moja kubwa, kwani arusi hairudiwi. Kadi ikiharibika, hapana awezaye kumrudisha bibi arusi mlangoni, wala kumfufua babu aliyekuwapo siku ile na leo hayupo. Kabla hujalala, nakili picha zote mahali pawili.

UTUNZAJI. Adui wa kamera katika nchi zetu ni wawili: unyevu wa pwani na vumbi la bara. Usiifungie kamera miezi mingi katika mfuko wa ngozi, kwani humo ndimo ukungu huota. Iweke katika ndoo yenye kifuniko kibanacho, pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, uitoe mara kwa mara ipate hewa. Ubadilishapo lenzi, kinga upepo na uinamishe kamera chini. Usifute lenzi kwa upindo wa shuka wala kwa mate. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizo cha mpira, kisha ufute kwa kitambaa laini kilicho safi.

Basi, vijana, msiwaonee haya wenye kamera mpya. Mwaka 1900 kamera ya Brownie ya Kodak iliuzwa dola moja tu huko Marekani, na kwa sanduku hilo hafifu watu wengi wasio matajiri walijifunza kupiga picha. Haba na haba hujaza kibaba. Nunua iliyo ya kadiri yako, ujizoeze kila siku kwa mwezi mzima kwa picha za jamaa zako bila malipo, asubuhi, jioni na ndani ya nyumba, mpaka vidole vijue njia pasipo kutazama. Hapo ndipo uchukue fedha ya mtu, nawe una hakika ya kumpa kitu chenye thamani yake.