Mafundi wetu wapewe vifaa, si vyeti vitupu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii niliisikia tangu utotoni, na katika miaka yangu ya ualimu niliwafunza wanafunzi wengi maana yake: kwamba mtu mwenye nia ya kazi hatafuti visingizio katika zana. Leo naomba ruhusa ya msomaji niipinge methali hiyo, angalau kwa upande mmoja, kwa sababu ilinusurika kidogo tu kunigharimu mjukuu.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa mvua ya masika, nilikuwa nikirudi mjini Isiolo kwa njia ya Garba Tulla. Nilikuwa nikiendesha gari langu kuukuu, na kando yangu aliketi mjukuu wangu wa miaka tisa. Wakazi wa huku hawahitaji kuelezwa lagga ni nini. Kwa msomaji aliye mbali, lagga ni mto wa msimu: mwaka mzima ni mchanga mtupu ambamo ngamia hupita bila kulowesha miguu, kisha mvua ikinyesha milimani, maji huteremka kwa ghafla hata kama mahali ulipo jua linawaka. Nilifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Niliyaona maji, nikayadharau, nikaingia.

Gari lilizima katikati. Maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha mlango, nayo yalikuwa yakipanda. Nilimwambia mtoto afungue mlango wake uliokuwa upande wa ukingo wa karibu. Akavuta kishikio, mlango ukakataa. Nikamwambia ateremshe kioo. Akaushika ule mkono wa kuzungushia kioo, akauzungusha nusu duara, ukachomoka ukabaki kiganjani mwake. Sitasahau jinsi alivyonitazama, ameushika mkono ule kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe na sasa anangoja kukaripiwa.

Wachungaji wawili waliokuwa ng'ambo ndio waliotuokoa. Waliingia majini hadi mapajani, wakaufungua mlango kwa nje, wakambeba mtoto, kisha wakarudi kunishika mkono mimi mzee. Mungu awabariki. Mlango ule ulifunguka kwa nje bila shida yoyote. Kwa ndani ulikuwa ukuta.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwezi mmoja kabla ya siku hiyo mlango uo huo ulikuwa umetengenezwa. Kioo kilikuwa kimekwama, nami nikaupeleka kwa gereji ambayo sitaitaja. Kijana aliyeshughulikia kazi hiyo alikuwa mwenye bidii na adabu. Alikuwa na bisibisi moja, koleo moja na nyundo. Alifanya kazi jua kali likimchoma utosini, akamaliza, kioo kikapanda na kushuka, nikamlipa, nikashukuru. Nani angekagua zaidi ya hapo?

Gari lilipokauka nililipeleka kwa fundi mwingine, mzee ambaye amezitengeneza Land Rover na Land Cruiser za wilaya hii tangu enzi ambapo safari ya Moyale ilikuwa ya vumbi na misafara ya askari. Aliufungua mlango, akachungulia ndani, kisha akaniita.

"Mwalimu," akasema, "njoo uone jinsi walivyokufanyia."

Alinionyesha mambo mawili. Kwanza, ule mkono wa kioo hushikiliwa kwenye mhimili wake wenye meno kwa klipu ndogo ya chuma, yenye umbo kama la kwato ya farasi, iliyojificha nyuma ya mkono wenyewe. Klipu ile haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya kilichosokotwa. Pili, ndani ya mlango mna fito nyembamba ya chuma inayounganisha kishikio cha ndani na kitasa. Fito ile ilikuwa imepindwa. Aliyeutoa ule ubao wa ndani wa mlango alikuwa ameubandua kwa bisibisi kwa nguvu, bisibisi ikateleza, ikaikunja fito. Kwa siku kadhaa mlango uliendelea kufunguka, kisha fito ikachomoka kwenye kishikizo chake. Nami kwa kuwa dereva hushukia mlango wake mwenyewe, sikujua.

Nilipomwuliza yeye angeitoaje klipu ile bila kuipoteza, alicheka, akafungua sanduku lake la mbao, akatoa kifaa ambacho sikuwa nimekiona maishani. Kilikuwa kibamba cha chuma chenye urefu wa shibiri moja, chembamba kama milimita moja, kimechongwa pengo mbele kikawa na meno mawili kama uma. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe kutokana na msumeno wa mbao uliochakaa, kwa tupa na subira.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Kibamba hupenyezwa kati ya mkono wa kioo na ubao wa mlango, meno yale mawili yakaupanda mhimili huku na huku, yakagusa ncha mbili za klipu. Ukisukuma kidogo, klipu hutoka upande wa pili, mkono ukaachia. Hakuna kinachovunjika. Kurudisha ni kuivalisha klipu kwenye mkono kwanza, kisha kuugonga mkono kwa kiganja hadi usikie inaitikia. Kazi nzima haichukui dakika mbili.

Viwandani kifaa hicho hutengenezwa na kuuzwa, nacho si cha bei kubwa. Magari ya siku hizi yanayoletwa kutoka Japani nayo yana chake. Mengi yao hayana mkono wa kioo bali umeme, na ubao wa ndani wa mlango hushikiliwa na vifungo vya plastiki vilivyosukumwa matunduni. Vifungo hivyo huhitaji wenzo wenye ncha ya panda, aghalabu wa plastiki ngumu, unaoingizwa karibu kabisa na kifungo ili nguvu iende kwenye kifungo, wala si kwenye ubao. Fundi asiye nao hutumia bisibisi. Vifungo huvunjika, ubao hulegea, karatasi ya plastiki inayozuia maji na vumbi huchanika, na mwenye gari hubaki na mlango unaolia kama debe.

Sasa narudi kwenye methali. Yule mzee hakuwa mchagua jembe kwa maana ya uvivu. Alichagua jembe kwa kuwa aliijua ardhi. Aliniambia kwamba hata asipokuwa na kibamba chake, huchukua kitambaa chembamba, akakipitisha nyuma ya mkono wa kioo, akakivuta huku na huku kama mtu anayepiga kiatu rangi, mpaka uzi unase ncha za klipu na kuing'oa. Huo pia ni ufundi, maana anajua kitu kilichojificha kimekaaje. Kijana wa kwanza hakuwa na kibamba wala hakuwa na elimu ya kitambaa. Alikuwa na nguvu tu. Nguvu ndiyo zana ya mwisho ya mtu aliyenyimwa zana nyingine zote.

Najua watakaosema kwamba nayakuza mambo. Mlango ni mlango, watasema, mbona tunapanda matatu kila siku ambazo milango yake haifunguki ila utoe mkono dirishani? Ni kweli, na hilo ndilo linalonitia hofu. Tumezoea. Utingo hutufungulia kwa nje kama mlinzi wa jela, nasi tunashuka tukisema asante. Hatujiulizi siku gari litakapobiringika, utingo akiwa ameumia na kioo hakiteremki, nani atakayetufungulia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji yakipanda nusu mita juu ya kizingiti cha mlango wenye upana wa mita moja, huusukuma mlango ule kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 125. Hata mlango mzima utamshinda mtoto. Ndiyo maana atakayenaswa majini yampasa akimbilie dirisha mapema, kabla maji hayajapanda. Lakini dirisha lenyewe linategemea klipu isiyozidi ukucha wa kidole gumba kwa ukubwa.

Hebu tutazame tulikotoka. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, likaiambia dunia kwamba mafundi wadogo wa mijini si wazururaji bali ni sehemu ya uchumi. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuwajengea vibanda ili wasichomwe na jua lililowapa jina. Mwaka wa 1992 ikatoka sera maalumu ya bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali. Yote hayo yalikuwa mema. Hata hivyo, kibanda ni kivuli tu. Humkinga fundi, hakimwongezei spana.

Baadaye ukaja wakati wa vyeti. Vyeti navyo ni vyema, nami kama mwalimu siwezi kuvibeza. Lakini mwanafunzi anayehitimu leo hutoka na karatasi mkononi, akaingia gereji ya mtu mwingine ambako sanduku la vifaa ni mali ya mwenye gereji nalo hufungwa kwa kufuli. Kinachobaki nje ni bisibisi, koleo na nyundo. Kijana huyu atajifunza nini, ila kwamba kila kitu hufunguliwa kwa kubanduliwa?

Isiolo haina haki ya kulipuuza jambo hili. Mji wetu ni lango la kaskazini. Lami iliyounganisha Isiolo na Moyale katika mwongo wa 2010 imeyaongeza magari, na mpango wa bandari ya Lamu uliozinduliwa mwaka wa 2012 unautaja mji huu miongoni mwa vituo vyake. Lakini ukiiacha barabara kuu, ukaelekea Merti au Garba Tulla, bado utakutana na njia zenye mikunjo kama bati. Mikunjo hiyo hutikisa bawaba, hulegeza vifungo na kuingiza vumbi ndani ya vitasa. Kwa hivyo milango ya magari yetu huharibika mapema, na hufunguliwa na mafundi mara nyingi zaidi.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza laihusu serikali ya kaunti. Katiba ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi kila kijana anayemaliza kozi ya magari apewe, pamoja na cheti, sanduku dogo la vifaa. Kama fedha hazitoshi, afundishwe kujichongea. Kibamba cha yule mzee hakikuhitaji ufadhili wa kigeni. Kilihitaji msumeno mbovu, tupa, na mtu wa kumwonyesha kijana pengo lichongwe wapi. Mtihani wa mwisho uwe huu: mwanafunzi afungue mlango, aufunge, na kusiwepo kifungo kilichovunjika wala klipu iliyobaki mezani.

La pili lawahusu wanaokagua magari ya abiria. Breki na taa hukaguliwa, na ni haki. Lakini mkaguzi pia aingie ndani, ajifungie, ajaribu kutoka kwa kila mlango. Asipoweza kutoka, gari lisipite.

La tatu latuhusu sisi wenyewe. Jioni ya leo, mpenzi msomaji mwenye gari, keti katika kila kiti na ufungue kila mlango kutoka ndani. Teremsha kila kioo. Ukiona mlango wa nyuma haufunguki, usikimbilie kwa fundi kabla ya kutazama ubavuni mwa mlango wenyewe. Magari mengi yana kiwiko kidogo hapo, kilichowekwa ili watoto wasifungue mlango safarini, na huenda kilisukumwa bila mtu kujua. Kama si hicho, nenda kwa fundi, na kabla hajaanza kazi mwulize kwa heshima: utaitoaje klipu? Fundi ajuaye kazi hatakasirika. Atafurahi kuulizwa.

Yule mzee alininyooshea fito, akaniwekea klipu aliyoitoa kwenye gari bovu, akanidai shilingi 300. Nilimwomba aniuzie na kile kibamba, akakataa. Alisema kuna kijana anayejifunza kwake, na kwamba kitakuwa chake akimaliza mwaka. Nilimtazama kijana huyo. Alikuwa amechuchumaa kando ya tairi, anachonga cha kwake kwa tupa, na pengo lilikuwa bado halijanyooka.

Mjukuu wangu naye, kila anapoingia garini hata hivi leo, huufungua mlango kwanza kutoka ndani, akaufunga tena, ndipo akaniambia, "Babu, twende." Mimi humngoja.