Uwanja Mpya na Wenye Tiketi za Msimu

Septemba 2025 Baraza la Jiji la Washington liliidhinisha uwanja mpya wa Commanders, timu ya ule mpira wa Kimarekani uchezwao zaidi kwa mikono. Utajengwa palipokuwa RFK, walipopahama mwishoni mwa 1996 kwenda Landover, na umekusudiwa kufunguliwa mwaka 2030. Kutoka Springfield, treni ya Buluu hufika bila kubadilisha.

Safari ni nyepesi. Kizito ni kiti. Tangu timu ya Carolina mwaka 1993, viwanja vipya kadhaa humtoza mwenye tiketi za msimu ada ya haki ya kiti, kabla ya tiketi yenyewe. Asiponunua tiketi kila msimu, haki humponyoka. Aliye na kiti Landover na aulize mapema, ajibiwe kwa maandishi.