Je, Wajua? Mkwara Kabla ya Ngumi

Je, wajua kwamba ujanja wa kumtisha mwizi kwa kibao cha "Mbwa Mkali" getini una karibu miaka 2,000? Mjini Pompeii, Italia, uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, mlangoni mwa nyumba moja kuna picha ya mbwa iliyopangwa kwa vijiwe sakafuni: mweusi, ana mnyororo, meno nje. Chini yake pana onyo la Kilatini: jihadhari na mbwa. Kama mbwa mwenyewe alikuwepo au la, mwizi alitakiwa kujijazia, kama anavyojijazia wa Sinza au Kayole hivi leo.

Je, wajua kwamba kiboko akipanua domo huenda hana usingizi hata kidogo? Anakuonyesha silaha: meno yake ya chonge yanaweza kufika sentimita 50. Nungunungu yeye hutikisa miiba ya mkiani, iliyo wazi ndani, ikalia kama njuga. Asiposikilizwa, humrudia adui kinyumenyume na kumchoma. Zile habari kwamba hurusha miiba kama mishale ni uzushi. Miiba hung'oka tu na kubaki mwilini mwa aliyejipeleka. Naye bunju hugugumia maji mpaka anakuwa duara, asimezeke. Huyo hatishi bure, sumu yake inaua.

Tembo anayekuja mbio huku masikio yametanuka, kichwa juu, akipiga kelele, mara nyingi anakupima moyo tu. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayelaza masikio na kukunja mkonga. (Usisimame kuhakiki.)

Je, wajua kwamba simba jike hupiga hesabu kabla ya kugombana? Mtafiti Karen McComb na wenzake, waliotoa matokeo yao mwaka 1994, walikwenda na spika mbugani Serengeti wakawachezea simba ngurumo za majike wageni. Spika ikinguruma kama simba mmoja, wenyeji walikuwa wepesi kuinuka na kumfuata huyo mvamizi asiyeonekana. Ikinguruma kama watatu, walisita, na wao wakiwa wachache walisita zaidi. Pengine nao waliunguruma, kuwaita wenzao waliokuwa mbali. Hapo hakuna aliyemwona mwenzake wala kumgusa. Sauti peke yake ilitosha kuamua nani asogee na nani abaki.

Hukohuko Serengeti, watafiti Peyton West na Craig Packer walisimamisha masanamu ya simba dume yenye ukubwa wa simba halisi, wakayabadilishia manyoya ya shingoni: marefu, mafupi, meusi, ya rangi ya mchanga. Madume waliokuja kuchungulia waliyakwepa yenye manyoya marefu au meusi. Majike, kinyume chake, walivutiwa na weusi uleule uliowatia hofu madume. Hayo yalichapishwa mwaka 2002.

Basi na ng'ombe je? Kwenye eneo la Okavango, Botswana, watafiti waliwachora ng'ombe macho makubwa matakoni, jozi moja kila mmoja, wakawafuatilia kwa miaka 4. Kati ya 683 waliochorwa macho, hakuna hata mmoja aliyeuawa na simba au chui. Kati ya 835 wasiochorwa kitu, waliuawa 15. Simba ni mviziaji, na akihisi ameshaonekana, hughairi. Watafiti wenyewe walionya kwamba huenda simba wakauzoea mchezo huo.

Je, wajua kwamba bondia Sonny Liston alikuwa akijaza mataulo ndani ya joho lake ili aingie ulingoni akiwa mpana kuliko alivyo? Mabondia wengi walikuwa wakishindwa kwa macho yake tu, ngumi bado. Kisha Februari 1964, kule Miami Beach, akakutana na kijana wa miaka 22, Cassius Clay, ambaye baadaye aliitwa Muhammad Ali. Siku ya kupima uzito Clay alipayuka kama kichaa mpaka akatozwa faini ya dola 2,500. Liston alijua kumtisha mtu mwenye akili timamu; mwendawazimu anamtishaje? Kengele ya raundi ya 7 ililia, yeye hakuinuka kitini.

Nje ya ulingo, mkwara una bei kubwa zaidi. Nchini Kenya, kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu kinamtambua anayetishia kuua, kwa maandishi au kwa mdomo, kuwa mhalifu anayeweza kufungwa miaka 10.

Je, wajua kwamba hata kuujibu mkwara kunaweza kukugharimu? Kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga mwaka 2019, New Zealand walipocheza haka, ngoma ya Wamaori ya kutoa macho na kupiga mapaja, wachezaji wa England walijipanga mbele yao kwa umbo la V. England walishinda 19-7, halafu wakatozwa faini ya pauni 2,000 kwa sababu baadhi yao walivuka mstari wa kati wapinzani wakiwa bado wanacheza.