Mbwa mzee anapoumwa na viungo

Wenye mbwa mtaani Kaloleni huliona jambo hili hasa mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi inapokaza. Mbwa aliyelinda ua kwa miaka 10 huamka kwa shida, huchechemea hatua za kwanza, kisha hupata nafuu akishatembea. Watu husema ni uzee tu. Mara nyingi ni maumivu: gegedu linalozuia mifupa kusuguana limelika.

Halirudi, lakini maumivu hupunguzwa nyumbani. Kwanza mwondoe kwenye sakafu ya saruji. Mtandikie magunia mawili matatu juu ya ubao, mahali pasipopita upepo. Asubuhi mkande kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, iwapo haoni uchungu. Akiwa mnene, mpunguzie ugali, kwa maana kila kilo ya ziada hubebwa na viungo hivyo hivyo. Wala usimfunge mnyororo kutwa; matembezi mafupi ya kila siku yanamfaa kuliko safari ndefu ya Jumapili.

Hatari kubwa ni huruma ya kumgawia tembe zako. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Parasetamoli huumiza ini. Usimpe hata nusu. Zipo dawa za mbwa, ambazo daktari wa mifugo huzipima kulingana na uzito wake. Mwone daktari huyo upesi mbwa akikataa chakula, asipokanyaga mguu kabisa, au kiungo kikivimba na kuwa na joto.