Boti inaokolewa ufukoni: tujitayarishe kabla ya mvua

Kiangazi kinafika mwisho. Mashamba yanalimwa, mbegu zinatafutwa, na mwezi wa tisa mvua itarudi kwetu. Kila mama anajua kazi za majuma haya: kutengeneza paa linalovuja, kufungua mifereji ya lupango, kuanika kuni na kuziweka pakavu. Lakini kuna kazi moja ambayo mara nyingi tunawaachia wanaume peke yao, nayo ni boti.

Wengi wetu tunaishi kwa Ziwa Kivu. Nanasi za Idjwi, ndizi za Kalehe, maharagwe na makala, vyote vinapita juu ya maji mpaka vifike sokoni Goma au Bukavu. Feza ya masomo ya watoto inapita juu ya maji hayohayo. Na vita vilipofunga barabara ya Goma kwenda Minova mwaka 2024, hata watu ambao hawakuzoea ziwa walilazimika kupanda boti.

Tunakumbuka kilichotokea. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Makumi ya watu walikufa, na kati yao wako wamama na watoto. Mwaka 2019, mwezi wa nne, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na watu zaidi ya 100 wakakosekana. Baada ya msiba huo, Rais wa Jamhuri aliagiza kila abiria wa boti awe na jile, yaani jaketi la kuokolea. Angalieni tarehe hizo: mwezi wa kumi na mwezi wa nne, yote ni majira ya mvua.

Wengi husema, "Ziwa limewameza." Lakini ziwa halikupakia magunia, na ziwa halikuacha mwanya katika mbao. Kwa kawaida ajali ya maji huanza ufukoni, saa nyingi kabla ya boti kuondoka. Kwa hiyo ni ufukoni pia ndipo inapoweza kuzuiwa, na huko ufukoni sisi wamama tuko wengi.

KAZI ZA KIANGAZI

Kama jamaa yako au kikundi chenu kina boti, siku hizi za mwisho za jua ni za thamani. Boti ivutwe juu ya nchi kavu, igeuzwe, isafishwe tumbo lake lote. Matope na majani yanayoshika chini yanaificha mbao iliyooza. Chukua kisu au msumari na kuchoma mbao polepole, hasa mahali mbao mbili zinapokutana na pale moteri inapofungwa. Mbao nzima inakataa msumari. Mbao iliyooza inaupokea kama muhogo uliopikwa. Hiyo ikatwe na kubadilishwa. Kupakwa rangi juu yake ni kujidanganya.

Kisha mianya. Fundi anaondoa pamba ya zamani, anakaza pamba mpya kati ya mbao kwa nyundo na patasi, halafu anapaka lami ya moto juu yake. Misumari yenye kutu inang'olewa, kwa sababu kutu inakula mbao iliyoizunguka, na tundu linakua kila mwaka.

Jambo moja ambalo wengine hawalijui: boti iliyokaa juani majuma mengi haifai kupakiwa siku ileile inaporudishwa majini. Mbao ikikauka inanywea, na nafasi kati ya mbao zinafunguka. Ikinywa maji inavimba tena, na nafasi zinajifunga zenyewe. Kwa hiyo iache katika maji ya kina kidogo siku mbili au tatu, ikiwa tupu na imefungwa kwa kamba. Siku ya kwanza itavuja, msiogope. Kama siku ya tatu bado inavuja, mrudishe fundi.

MOTERI

Moteri inayozimika katikati ya ziwa inaiacha boti bila uongozi, na mawimbi yanaigeuza ubavu. Hapo ndipo maji yanapoingia. Kabla ya mvua, fundi asafishe au abadilishe buji, aangalie mpira unaopitisha esansi kama haujapasuka, na ahakikishe maji ya kupoza moteri yanatoka vizuri inapowashwa. Esansi iliyobaki tangu miezi mingi isitumike. Inaharibika na kuacha uchafu ndani. Na ikiingia maji ya mvua ndani ya bidoni, hata matone machache, moteri itakohoa na kusimama. Mfuniko ukazwe, na esansi ichujwe kwa kitambaa safi wakati wa kumimina.

Hata moteri ikiwa mpya, pagaya mbili zikae ndani ya boti, pamoja na kamba ndefu, taa na bidoni lililokatwa la kuteka maji. Vitu hivi si vya gharama kubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kama vimo.

ALAMA YA RANGI UBAVUNI

Hatari kubwa kuliko zote ni mzigo. Boti iliyobeba kupita kiasi inakaa chini sana, na wimbi dogo, hata lile linalotoka kwa boti nyingine inayopita, linaruka ndani. Maji yakishaingia yanakimbilia upande mmoja, na boti inawafuata.

Jambo hili si la Kongo tu. Katika karne ya 19, meli nyingi za Uingereza zilizama kwa sababu ya mzigo, na mabaharia wakafa wakati wenye mali walikuwa wamekaa salama nyumbani. Mbunge mmoja jina lake Samuel Plimsoll alipigania jambo hilo miaka mingi, mpaka mwaka 1876 sheria ikaamuru kila meli ichorwe alama ubavuni. Maji yakifunika alama, meli imejaa. Mpaka leo meli kubwa za dunia zina alama za namna hiyo.

Nasi tunaweza kufanya hivyo. Fundi aliyejenga boti anajua inabeba kiasi gani. Mwombeni achore mstari mweupe pande zote mbili, na mstari huo uwe juu ya maji wakati watu na magunia vyote vimo. Hakuna haja ya kujua kusoma ili kuuona. Hata mtoto ataweza kusema, "Mama, mstari umezama."

Tena, mizigo mizito kama maharagwe na mihogo ikae chini kabisa na katikati. Makala ni mepesi lakini watu wanayapanga juu sana kama nyumba. Upepo unayasukuma, na boti inalala ubavu. Abiria hawakai juu ya magunia. Na boti inapokaribia bandari, tukae. Desturi ya kusimama wote kwa pamoja na kukimbilia upande wa kushukia ni hatari kuliko wimbi. Usiseme "tumeshafika" mpaka mguu uwe juu ya mchanga.

JILE NA MTOTO MGONGONI

Jile inavaliwa ufukoni, mikanda yote imefungwa. Jile iliyowekwa chini ya benchi, au iliyokaliwa kama mto, haisaidii. Mtu aliyeanguka majini hawezi kuivaa huku akipigana na mawimbi.

Sokoni kuna jile za namna nyingi, na nyingine ndani yake kuna sponji inayokunywa maji. Kabla ya kulipa, au angalau kabla ya kusafiri, ijaribuni pale maji yanapofika kifuani, mtu mwingine akiwa karibu. Ikae majini dakika nyingi, si moja tu. Kama inazidi kuwa nzito, si jile, ni nguo. Mtoto avae ya kipimo chake, na bora iwe na mkanda unaopita kati ya miguu, maana katika jile ya mtu mkubwa mtoto anateleza na kutoka chini.

Sasa tuongee juu ya kitenge. Sisi wamama tumezoea kumfunga mtoto mgongoni, na barabarani hakuna mahali bora kuliko pale. Lakini ndani ya boti, jambo hilo libadilike. Mtu anayeelea amelala chali, uso juu. Mama akielea chali na mtoto yuko mgongoni, uso wa mama uko juu na wa mtoto uko ndani ya maji. Kwa hiyo, mkipanda boti, fungua kitenge, mlete mtoto mbele, mshike kifuani, naye awe na jile yake ndogo. Usimfunge chini ya jile yako. Na kitenge unachovaa kisifike chini mpaka kifunge miguu. Kikilowa kinashika kama kamba.

Ambaye hana jile asibaki mikono mitupu. Bidoni tupu la litre 20, mfuniko wake umekazwa sana, linaweza kumwelesha mtu mzima, kwa sababu mtu ndani ya maji anahitaji msaada mdogo tu ili kichwa kibaki juu. Funga kamba fupi kwenye mshiko, na kamba hiyo uizungushe mkononi. Si sawa na jile, lakini imeshinda kutokuwa na kitu.

KUSOMA HEWA

Safari za majira ya mvua zianze alfajiri. Mara nyingi mawingu hujikusanya juu ya milima jua likipanda, na mchana upepo unashuka ghafula. Kama mnaona wingu jeusi lenye tumbo la chini, mnahisi upepo wa baridi baada ya joto, au mnaona maji ya mbali yamegeuka rangi, dhoruba iko njiani. Kama hamjaondoka, msiondoke. Kama mko njiani, kapiteni aelekee ufuko wa karibu, hata kama si ule mliolipia. Usiku tusisafiri: hakuna anayeona mawe, mtumbwi wa wavuvi wa sambaza, wala mtu aliyeanguka.

Wamama wa Uvira, Baraka na Kalemie, kalenda yenu ina jambo lingine tena. Ziwa Tanganyika linanyooka kilomita zaidi ya 600 toka kusini mpaka kaskazini, na upepo wa kusini huvuma kwa nguvu hata wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa nane. Mawimbi yana nafasi ndefu ya kukua. Kwenu, jua kali si ahadi ya maji matulivu.

Na kama boti inapinduka? Boti ya mbao mara nyingi haizami kabisa, hata imejaa maji. Ishikeni. Nchi kavu inaonekana karibu kuliko ilivyo, na wengi waliokufa ni wale walioacha mbao na kujaribu kuogelea. Kaeni pamoja, watoto katikati, msipoteze nguvu kwa kupiga maji.

KIKUNDI KINA NGUVU

Mama mmoja akimwambia kapiteni, "Papa, boti imejaa," atajibiwa kwamba kama anaogopa ashuke. Hiyo tunaijua. Lakini wamama kumi wenye magunia ishirini wakisema kwa pamoja, "Papa, tunakuheshimu, lakini toa magunia haya ama tutangojea boti ya pili," kapiteni atahesabu. Faida yake ya siku iko mikononi mwao. Kusema kwa adabu na kusimama pamoja ni kazi ambayo vikundi vyetu vinaijua tayari.

Likelemba pia inaweza kusaidia. Wamama kumi wakitoa kila juma kiasi cha kununua jile moja, baada ya majuma kumi kila mmoja ana yake. Kikundi kikianza leo, kabla ya mwezi wa kumi na mbili kitakuwa kimevaa. Na majina yaandikwe: katika mkutano wenu, mchague mama mmoja wa kila soko anayebaki na orodha ya waliopanda siku hiyo. Katika ajali, jamaa nyingi zimekaa siku nyingi bila kujua kama mtu wao alikuwa ndani, kwa sababu hesabu ya abiria haikufanywa.

Juma hili, mkikutana, mjibu pamoja maswali haya manne:

1. Boti tunayoitumia ilivutwa nchi kavu lini kwa mara ya mwisho, na nani aliichunguza?
2. Wangapi kati yetu wana jile iliyojaribiwa majini? Watoto wangapi?
3. Nani atamwomba fundi achore mstari?
4. Tumekubaliana neno gani la kusema, na nani ataanza kulisema, siku boti ikijaa?

Mvua itakuja kwa wakati wake. Sisi bado tuna majuma machache ya jua.